Ukomo wa Kungoja

Tusekile alikuwa amenyoosha mkono kupokea mfuko wa viazi pale ubaridi ulipomwingia kifuani. Si ubaridi wa Tukuyu, ule wa mvua na ukungu ambao mtu aliyezaliwa huko huuzoea kabla hajajua kutembea. Huu ulianzia ndani, nyuma ya mfupa wa kifua, ukapanda mpaka shingoni. Akajua. Kwa kazi yake ya mitambo ya mnara alijua kabla ya watu wote pale sokoni: duru ya umeme imekwama tena.

"Mama, vipi, mbona umebadilika hivyo?" muuza viazi akamuuliza, kisha naye akajishika kifua.

Kufumba na kufumbua soko zima likanyamaza. Waliokuwa wakibishana bei waliacha maneno katikati. Wenye vidundo wakakaa chini palepale kwenye tope, na khanga zao nzuri na suti zao za kwenda benki, kwa sababu walishafundishwa: ukisikia baridi, kaa, usijitie ushujaa. Wasio na vidundo walibaki wamesimama wakitazamana, hawajui washike nani, waache nani.

Kidundo ni kile kijidude, ukubwa wa kokwa ya parachichi, alichowekewa kifuani kila aliyeugua homa ya ukungu akapona. Homa ilimwachia uhai ikamchukulia nguvu za moyo. Kidundo ndicho kinachousukuma. Na kidundo bila umeme wa mnara ni kokwa tu.

Tusekile alikaa juu ya gunia la viazi, akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu pumzi zake. Alikuwa na hasira kuliko hofu. "Pokea zamu," alinong'ona, akisema na nani hata yeye hajui. "Pokea zamu, jamani, sema umeshiba watu wapate!"

Joto likarudi. Likarudi kwa wote kwa kupokezana, mmoja baada ya mwingine, na watu wakaanza kunyanyuka wakijipangusa matope na kutaniana, maana Wanyakyusa hawajui kutoka kwenye hatari bila kuisema.

"Mimi leo nilishamwona bibi yangu kabisa, ananipungia mkono!"

"Ungemwambia ngoja kwanza nilipe deni la vikoba!"

Kicheko kikapita, kikafika kwenye kibanda cha Ambwene fundi cherehani, kikafa. Ambwene hakukaa chini. Alikuwa na sare ya mtoto wa mtu mkononi, akasema amalize mshono mmoja tu. Alikutwa kalala juu ya cherehani, paji la uso limeegemea kitambaa cha bluu, na sindano imesimama katikati ya ukosi.

Tusekile alimshika shingo, akaiacha. Viazi vyake alivisahau palepale.

*

"Sema tena," alisema Mkurugenzi Lugano Mwaisumo, "na unisemee kama unavyomwambia mtu wa kijijini, si kama unavyoandika kwenye taarifa zako zile za kulaza watu usingizi."

Lugano alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na alikuwa na kidundo chake kama wengine. Alisimama mbele ya kioo kikubwa cha chumba cha mitambo, mikono kiunoni, viatu vyake vikiwa bado na tope la kule msibani kwa Ambwene. Tusekile hakuweza kukaa. Tangu arudi kutoka sokoni alikuwa akizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mnara ni mmoja, watu ni maelfu," alisema. "Hauwezi kuwalisha wote kwa pamoja, kwa hiyo wanakunywa umeme kwa zamu. Kidundo kikinywa, kinasema 'nimeshiba', anayefuata anapokea. Wa mwisho akimaliza, duru inaanza upya. Hilo unalijua."

"Nalijua. Endelea."

"Anayeyasema hayo maneno si kidundo chenyewe, ni kiendeshi. Ile programu ndogo iliyokaa kati ya kidundo na mtandao. Mkalimani. Kidundo kinasema lugha yake, mnara una lugha yake, kiendeshi kinapeleka maneno huku na huku. Sasa waliokiandika mwanzo walikuwa watu wa hapahapa, watu wa adabu zao. Wakasema mkubwa anakunywa kwanza. Na mdogo hagusi mpaka mkubwa aseme ameshiba."

"Ndivyo tulivyolelewa," alisema Lugano.

"Ndivyo tulivyolelewa, lakini mtoto mezani ana macho! Akiona mzee kasinzia na kijiko mkononi, atamwita mama. Kiendeshi hakina macho. Kimeambiwa ngoja, kinangoja. Hakuna mahali palipoandikwa kingoje mpaka lini. Mkubwa asiposikika, wote nyuma yake wanangoja na kungoja, na akiba yao inakwisha."

Lugano akavuta kiti, akakaa kwa uzito. "Na huyo mkubwa asiyesikika ni nani?"

Tusekile akaacha kuzunguka. Alikuwa ameshakiona kwenye kioo, asubuhi ileile. Kidundo kilekile cha kwanza kabisa, kilichowekwa mwaka wa kwanza wa homa. Kinakunywa vizuri, kinashiba vizuri, ila kadi yake ya mtandao imezeeka. Kinasema 'nimeshiba' kwa sauti ya mgonjwa, neno linapotea njiani, kinarudia, linapotea, kinarudia tena. Siku nyingine neno linafika upesi. Siku nyingine Ambwene anakufa.

"Dawa ninayo," alisema haraka, akikwepa swali. "Nimeiandika tayari, nimeijaribu kwenye mfano. Ni kuweka ukomo wa kungoja. Mkubwa akinyamaza kupita kiasi, zamu inamruka. Duru haitakwama tena maisha."

"Na aliyerukwa?"

"Mnara unamhesabu hayupo. Unamfungia. Lazima umfungie, kwa sababu ukimlisha bila jibu lake na kumbe ameshiba, umeme unamuunguza nyama za kifua. Yule atarukwa kila duru."

"Atakufa."

"Atakufa, mkurugenzi. Labda akubali kupasuliwa abadilishiwe, na daktari amesema kwa kifua kile na umri ule, kupona ni kwa bahati. Kwenye mfano nimejaribu kila kitu. Nimemweka wa mwisho, nimempa duru moja kati ya kumi. Wapi! Kila nikimwacha ndani, watu wanaanguka."

Lugano akanyanyuka. "Sheria ya kituo unaijua. Hatumtoi mtu kwenye duru pasipo kauli yake mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa na akili zake. Nenda kamwone, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Una ulimi mzuri ukitaka."

"Siwezi."

"Ebo! Huwezi vipi?"

"Ni baba yake Gwamaka," alisema Tusekile. "Mimi ni mkamwana wake."

Hapo Lugano, aliyekuwa ameshafungua mdomo agombe, akaufunga. Hakuhitaji kuelezwa. Kwa watu wa pale mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Akipita huyu, yule anaingia migombani mpaka njia iwe wazi. Wakubwa wengine siku hizi wamelegeza, hasa waliosoma na wanaoishi mijini. Mzee huyu hakulegeza hata uzi. Miaka yote ya ndoa yake Tusekile alikuwa akipeleka chakula mpaka mlango wa nyuma, anakohoa, anaweka chini, anaondoka, na vyombo anavikuta kesho yake pale pale vimeoshwa. Sauti yake aliijua kwa mbali, akigombeza mbwa.

"Basi aende mumeo," alisema Lugano. "Leo hii. Maana mimi sitazika mwingine."

*

Kesho yake kabla ya saa sita Gwamaka alileta sauti ya baba yake kwenye simu. Lugano akaisikiliza mbele ya wote wawili. Ilikuwa fupi. Mzee alikohoa, akasema: "Nakubali. Fanyeni. Mradi msichelewe." Basi.

"Mzee wa watu," alisema Lugano, na machozi yakamlengalenga. "Mungu ambariki. Tusekile, andaa. Saa kumi tunapakia kwa wote." Akatoka kwenda kuwaambia wengine.

Tusekile hakwenda popote. Alibaki akimtazama mumewe, aliyekuwa anajifanya kusoma tangazo la ukutani. Gwamaka alikuwa mwanaume mpole, mnunuzi wa parachichi, mtu wa kusuluhisha. Watu wakigombana mipaka walimwita yeye, kwa sababu alijua kuchukua neno kali la huyu na kulifikisha kwa yule likiwa limeshalainishwa. Kwa kazi hiyo mji mzima ulimpenda. Na ndiyo iliyomtia mkewe wasiwasi sasa.

"Mradi msichelewe," alisema Tusekile. "Msichelewe nini?"

"Hilohilo jambo lenu la mitambo."

"Gwamaka. Mtu gani anaharakisha kufa kwake hivyo? Ulimuulizaje?"

"Nilimuuliza. Kasema ndiyo. Unataka nini tena, akupigie magoti?"

"Nataka kusikia swali."

Gwamaka akageuka, akatazama dirisha, akajikuna shingo, akarudi kutazama ukuta. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na baridi yote ile. "Nilimwambia mnataka kurekebisha mitambo," alisema hatimaye. "Nikamwambia umeme wake utatulia, wanaomba ruhusa. Sasa ningemwambiaje, mama? Eti baba, wewe ndiye umemuua fundi Ambwene? Wewe ndiye unayewaangusha wanawake sokoni? Angekufa kwa aibu kabla ya mnara kumfungia! Nikaona bora aende bila kujua. Alale tu. Mimi nitaubeba mzigo huo."

Akaketi, akajifunika uso, akalia kwa sauti, mwanaume mzima na koti lake la mvua. Tusekile alitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu ubaridi ulikuwa umeshaanza nyuma ya mfupa wa kifua.

Akakaa chini sakafuni. Chumba cha pili watu wa zamu walikuwa wakiitana majina kuhakikisha kila mtu amekaa. Alimsikia Lugano akitukana. Joto liliporudi, simu zilianza kulia: mtu kaanguka na bodaboda kwenye kona ya daraja, mama mwingine kapoteza fahamu leba. Bado hai, wote wawili. Bado.

Hapo ndipo lilipomkaa sawasawa. Sauti ya mzee ipo kwenye simu. Lugano ameridhika. Saa kumi atabonyeza, na kesho sokoni watu watabishana bei kwa raha zao. Unaotakiwa kufanya kazi ni mdomo wa Tusekile tu, na kazi yenyewe ni kunyamaza. Jamani, mbona ilikuwa rahisi hivyo! Alijiona anavyoweza kabisa kunyamaza, na akajiogopa.

Alichukua kishikwambi chake na mwavuli.

"Unaenda wapi?" Gwamaka alimuuliza, macho mekundu.

"Kwa baba yako."

"Tusekile! Huwezi! Atasema umemvua nguo!"

"Wewe umemvua uhai," alisema, na akajuta hapohapo, lakini hakurudi nyuma.

*

Nyumba ya mzee ilikuwa juu ya kilima cha pili, katikati ya migomba, na njia ilikuwa imekuwa mto. Njiani alimpigia Lugano, akamwambia ile kauli si kauli, mzee hakuelezwa.

"Tusekile, ungeweza kutoniambia."

"Najua."

"Mpaka saa kumi. Baadaye nitafanya ninaloona sawa, na mimi na Mungu wangu tutajuana. Sitazika tena."

Mara hii hakwenda mlango wa nyuma. Alisimama mbele, akakohoa, akakohoa tena kwa nguvu. Mbwa akabweka. Sauti ndani ikasema: "Nani?"

"Mkamwana wako, baba."

Ndani kukawa na vurumai: kiti kikavutwa, kitu kikaanguka. Alipoingia, mzee alikuwa ameketi kitandani, ameugeukia ukuta, na blanketi amejifunika kichwa na mabega. Mgongo tu ndio ulioonekana, mwembamba, na vidole vya miguu vilivyopinda kwa baridi.

"Umechanganyikiwa?" blanketi likasema. "Au kuna msiba? Mwanangu amekufa?"

"Hajafa, baba. Mzima."

"Basi toka."

"Nikitoka nitakuwa nimekuua," alisema Tusekile, kisha akamwambia yote, akiwa amesimama mlangoni, macho kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe. Zamu. Adabu. Neno la 'nimeshiba' linalopotea. Ambwene na sare ya bluu. Ukomo wa kungoja. Hakulainisha hata neno moja, maana neno lililolainishwa mara moja lilikuwa limeshaleta balaa la kutosha. Alipomaliza, mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi mzee apaze sauti.

"Kwa hiyo umekuja niseme ndiyo."

"Nimekuja ujue. Useme utakalo."

"Nitakalo," alirudia mzee. "Wewe unadhani nitasema nini? Kwamba nimekula chumvi, nimeona wajukuu, sasa niwaachie vijana? Watu huwa wanapenda wazee waseme hivyo. Inawatia moyo." Alikohoa. "Mimi sitaki kufa, mkamwana. Kila asubuhi nikiamka nikasikia huyu mbwa ananikwaruzia mlango, nafurahi. Nina parachichi changa kule chini, nataka nizionje. Na kisu cha daktari sikitaki. Ambwene namlilia, kanishonea koti hili. Lakini sitaki kufa kwa ajili yake wala kwa ajili ya mtu. Umenisikia? Kaandike hivyo."

"Nimekusikia, baba."

Alikuja amejiandaa kwa aibu, kwa laana, hata kwa baraka. Hakujiandaa kwa mtu anayetaka kuishi tu. Mtu mmoja na maelfu, hesabu yake hata mtoto anaijua. Lakini huyu mmoja alikuwa ana vidole vya miguu vinavyosikia baridi. Tusekile alihisi machozi ya hasira yakimpanda. Akapiga hatua ndani bila kujua anaenda wapi, akarudi, akaenda tena.

Na ubaridi ukaja.

Ulikuja vibaya, bila kubisha hodi. Alikuwa amepanda kilima mbio, akiba ya kidundo chake ilikuwa ndogo. Alitaka kukaa, miguu ikamtangulia. Akaanguka kando ya kitanda cha mzee, shavu likapiga sakafu, na kila kitu kikawa mbali: mvua, mbwa, jina lake mwenyewe. Jambo la mwisho aliloliona ni miguu ya mzee ikiteremka kitandani, imara, yenye damu yake ya moto. Kwa sababu yeye alikuwa ameshakunywa. Yeye hukunywa kwanza.

Alipofumbua macho kichwa chake kilikuwa juu ya goti la mtu. Uso mkongwe, wenye ndevu nyeupe chache na macho ya Gwamaka, ulikuwa umeinama juu yake, mdomo wazi. Ndiyo mara ya kwanza kuonana. Blanketi lilikuwa chini.

"Ndivyo inavyokuwa?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo. "Ndivyo ninavyowafanya?"

"Ndiyo, baba."

Alimwachia taratibu, akarudi kitandani, akageukia ukuta, lakini blanketi hakulikumbuka. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Tusekile alijiburuta, akaegemea ubavu wa kitanda, na mikono ikatafuta kishikwambi kwa mazoea, kama wengine wanavyotafuta rozari. Kila duru ikikwama lazima uangalie imekwama muda gani.

Akaangalia. Akasugua kioo kwa khanga, akaangalia tena.

Ilikuwa imekwama muda mfupi kuliko zote. Ilikuwa imeanza vibaya sana, kisha ikajiachia ghafla, wakati uleule alipoanguka. Akafungua kumbukumbu za kidundo chake mwenyewe, na pale, katikati ya mistari, akaliona neno lisilo lake. 'Nimeshiba.' Safi, zima, halikurudiwa. Kidundo cha mzee kilikuwa kimesema kwa sauti yake ya mgonjwa, na kidundo cha Tusekile, kikiwa kando ya kitanda chake, kilikuwa kimekisikia. Na kwa kuwa neno lile lilikuwa na alama ya kidundo cha mzee, kadi yake mpya ikalirusha mbele mpaka mnarani bila kuulizwa.

"Loo," alisema. "Loo, loo, loo!"

"Nini tena?"

Tusekile alikuwa ameshaanza kuandika, vidole vikikimbia, mvua ikimdondokea kutoka kwenye nywele. Kilichotokea kwa bahati inabidi kitokee kila duru. Kiendeshi chake kisikilize cha mzee kabla hakijasema neno lake chenyewe, kilibebe, kilifikishe. Kifaa cha mezani kisingeweza: mnara haupokei neno la kifaa kisicho na damu nyuma yake, waliufunga hivyo baada ya watu kuiba umeme kwa vidundo vya marehemu. Lazima awe mtu hai. Na lazima awe karibu, chumba kilekile, maana sauti ile haitoki nje ya ukuta. Gwamaka hana kidundo. Ndugu zake wote hawana. Homa katika ukoo ule ilimpata mzee peke yake, na yeye Tusekile, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto.

Hakuwa na mfano wa kujaribia. Alijipakia kiendeshi kipya mwenyewe, kifuani kwake, akishika ubavu wa kitanda. Moyo uliruka pigo moja, akaona nyota. Kisha ukashika mwendo. Duru ikapita. Neno la mzee likaenda pamoja na lake.

Akampigia Lugano. "Pakia," alisema. "Kwa wote. Ukomo wa kungoja na kila kitu. Mzee hatarukwa."

"Amekubali?"

"Amekataa. Pakia tu, nimeshika upande huu."

Walingoja. Mkono wa mzee ulikuwa umeng'ang'ania shuka. Saa kumi ilipofika Tusekile aliona kwenye kioo mistari ikibadilika, kwanza mia, kisha maelfu. Duru ikazunguka, ikazunguka tena, nyepesi, bila kusitasita popote, na katika kila mzunguko zamu ya kwanza kabisa ilijibiwa. Akacheka peke yake, akalia peke yake, akajipangusa kwa khanga iliyolowa.

"Eleza," alisema mzee kwa ukuta.

Akaeleza. Mara hii ilikuwa fupi.

"Kwa hiyo ukitoka nje ya chumba hiki, narukwa."

"Ndiyo, baba."

"Nakufa."

"Ndiyo."

"Na usiku?"

"Na usiku, baba. Mpaka apatikane mwingine mwenye kidundo atakayekubali kukaa. Sijui kama atapatikana."

"Na nikikufukuza, kama inavyonipasa?"

Nje, mbwa alikuwa akimlaki mtu. Zilisikika hatua za Gwamaka zikipanda mbio, zikiteleza, zikisimama mlangoni. Alisimama pale na koti lake la mvua, akamwona mkewe chini, akamwona baba yake kitandani, hakuna ukuta wala pazia kati yao, akaziba mdomo kwa mkono.

Mzee alivuta pumzi ndefu. Alikaa nayo, akaitoa.

"Chukua kile kiti," alisema, bila kugeuka. "Ukae. Lakini utazame mlango." Kisha kwa sauti kubwa, kama anavyogombeza mbwa: "Na wewe Gwamaka, usisimame hapo kama umeona shetani. Nenda kamletee mkeo godoro."

Tusekile akakichukua kiti, akakigeuza, akakaa.